Nyuzi Nyeusi za Mpera

Jani la kumi nalo lilikuwapo. Junaid alizihesabu tena nyuzi nyeusi kwenye mpera wa uani, asije akajidanganya. Kumi. Wiki ya nane hiyo, na hakuna jani zee hata moja lililodondoka.

Yalitakiwa yawe yameshadondoka. Vitabu vyote vinasema hivyo. Jani changa kazi halijaijua, jani pevu ndilo linalotengeneza chakula cha mti kwa mwanga wa jua, na jani zee hupoa kazini, likageuka manjano, likaanguka. Utafiti wa Junaid ulikuwa kupima huko kupoa, basi. Alipanda kigoda akafunga uzi mweupe kwenye majani machanga kumi, mwekundu kwenye mapevu kumi, mweusi kwenye mazee kumi. Kila Jumamosi alikuja na kifaa cha chuo, akalibana jani moja moja, akasoma usanisinuru wake unakwenda kasi gani.

Nafasi ya kukosea hakuwa nayo. Mwaka jana alikamatwa na takwimu za kubuni. Alijilaza chumbani, mvivu wa kutupwa, akaandika namba za miezi miwili bila kugusa jani, na msimamizi wake, Dokta Badria, akamgundua kwa sababu zilipendeza mno. Akapewa mwaka mmoja wa kurudia. Safari hii ikipatikana namba moja tu isiyo ya kweli, anafukuzwa. Mama yake kule Kiwengwa alikuwa mwaka wa nne yumo baharini na mwani wake ili yeye asome, na hata hilo la mwaka jana hajaambiwa.

Kwa hiyo siku alipofunga nyuzi alimwendea mwenye nyumba wake hapo Jang'ombe, Bi Kazija, kizee mfupi aliyekuwa akifagia ua kila siku akishasali alfajiri. Akamwomba kitu kimoja tu.

"Bibi, nakuomba, nyuzi zangu asiziguse mtu. Hata mmoja usitoke mtini mpaka siku zangu ziishe."

Bi Kazija aliutazama mti. Nyeupe, nyekundu, nyeusi. Kisha akamtazama Junaid, ambaye siku zile alikuwa amekonda kwa mawazo.

"Umepewa siku ngapi, mjukuu wangu?"

"Sitini na tatu, Bibi."

Hakuuliza zaidi. Jioni alimpelekea uji wa pilipili manga, na jioni ya pili vilevile.

Wiki tatu za mwanzo namba zilikwenda kama vitabu vinavyotaka. Wiki ya nne zile za nyuzi nyeusi zikaacha kushuka. Wiki ya sita zikaanza kupanda, na Junaid akawa hatoki tena na kigoda, hakukihitaji. Wiki ya nane zikazipita nyekundu. Aliona pia kwamba mafundo yamekaza kuliko alivyoyafunga yeye, akaandika daftarini kuwa uzi wa pamba hujibana ukinyeshewa.

Hapo akaingiwa na hofu, tena hofu ya kweli. Namba za ajabu zimemwangukia mtu ambaye hata za kawaida haaminiwi. Angeweza kuzishusha kidogo zifanane na vitabu, lakini huko ndiko kubuni kwenyewe. Akaziandika kama zilivyo, akapeleka.

Dokta Badria alizisoma mara tatu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akamuuliza kama ana hakika ni majani yale yale.

"Nyuzi ni zile zile, Dokta," alisema Junaid. "Njoo upime mwenyewe."

Akaja siku ya sitini na tatu, na walimu wawili wa idara, na kifaa chao wenyewe ili pasiwe na maneno. Walipima tangu saa mbili mpaka saa tano. Majani mazee yalikuwa ya kijani kibichi, hayana doa, na namba zikatoka zile zile za Junaid. Mwalimu mmoja alivua miwani akaifuta, akaanza kuzungumza habari za mpera usiozeeka, na jarida la kuupelekea, na mkutano mkubwa wa wanasayansi ambao kijana huyu lazima aende. Dokta Badria alimwomba Junaid radhi mbele ya wenzake kwa kumshuku. Junaid nusura alie. Alisogea ukutani akampigia simu mama yake, akamwambia yote, la mwaka jana na la leo, na mama akasema anatoka majini sasa hivi kwenda kuwapa habari wenziwe.

Bi Kazija akatokea na sinia ya chai na mkate wa ufuta. Wageni walimwamkia, akawaitikia marahaba mmoja mmoja. Dokta Badria alimsifu kwa kuutunza mti, kisha, kwa ajili ya ripoti tu, akamuuliza kama ni kweli siku zote hizi hakuna uzi uliotoka mtini.

"Wallahi hata mmoja," alisema Bi Kazija, akimimina chai. "Kila alfajiri nikikuta jani limeanguka na uzi wake, naufungua, nasoma bismillahi, naufunga kwenye jani jingine zima, lile mkono wangu unalolifikia. Na dawa ya huyo mganga wake imemkubali, si mnamwona alivyonawiri?"