Sikio Jipya la Bi Mkubwa

Machale yalikuwa yakimcheza Bi Mkubwa tangu jana. Mwanawe, ambaye kwa miaka miwili, tangu masikio ya mama yazibe, alimjibu kwa kutikisa kichwa tu, ghafla alimletea kifaa cha kusikia. Akamvika sikioni, akakiunganisha kwa bluetooth na simu yake mwenyewe ili akijaribu. "Baadaye nitakitoa kwenye simu yangu, Mama," alisema. Akasahau.

Sasa simu ya mwanawe ikalia barazani.

"Halo? Halo!" akafoka huko nje. "Mbona husikiki?"

Sikioni mwa Bi Mkubwa, sauti ya mwanamume asiyemjua ilikuwa safi kama ya mtu aliyeketi begani kwake: "Dalali hapa. Mnunuzi wa nyumba ameshafika. Vipi, mama ameweka dole?"

"Sikusikii, bwana!" Mwanawe akakata simu, akaingia ndani na karatasi na pedi ya wino.

"Weka dole hapa, Mama. Karatasi ya kliniki tu, ya hilo sikio lako."

Bi Mkubwa akakitazama kidole gumba chake, chenye sugu ya mkasi. Miaka arobaini ya kukata na kushona nguo za watu ndiyo iliyosimamisha kuta hizi. Akamwacha mwanawe akipake wino mpaka kwenye kucha.

"Nani alikupigia?"

"Hata sijui. Mtandao mbovu, sikusikia neno."

"Pole, baba," akasema Bi Mkubwa, akikikunja kidole chenye wino ndani ya ngumi. "Mimi nilimsikia."