Kufuli la Mama Musoki

Pigo la kwanza lilikwaruza kufuli tu. La pili likamponyoka Hélène, nyundo ikampiga kidole, akatoa neno la Kirundi ambalo mke wa mchungaji hapaswi kulijua.

Nyuma yake, sebuleni, binti yake Divine alikuwa amelala kwenye godoro lililobanwa kati ya meza na masanduku ambayo bado hayajafunguliwa. Alikuwa akikohoa tangu walipohamia. Kila asubuhi na kila jioni moshi wa mbabula, jiko la makaa la Mama Musoki, mwenye nyumba, ulipanda ngazi kutoka uani, ukaingia katika apartema yao ya juu na kutulia hapo hapo juu ya godoro. Na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na chumba kizuri, chenye dirisha linalopata upepo, kimefungwa kwa kufuli.

Misheni ya Kampala ndiyo iliyowatuma Bunia, yeye na mumewe Élisée, kuhubiri mapatano katika mji ambao bunduki zilikuwa zimenyamaza bila mtu kuamini kwamba zimelala. Hélène ni mzaliwa wa Bujumbura. Élisée alikuwa yatima aliyelelewa na misheni yenyewe, na ndiye aliyetangulia kutafuta nyumba. Ilikuwepo moja karibu na kanisa, yenye maji ya bomba. Yeye akachagua hii ya Nyakasanza, ghorofa ya zamani yenye matundu ya risasi yaliyozibwa kwa saruji, na mwenye nyumba akiishi chini.

Siku ya kuhamia, mlango wa jikoni uligoma. Mama Musoki alipofika kuwaonyesha namna yake, Élisée alikuwa ameshaunyanyua kidogo kwa bega, nao umefunguka. Hélène alicheka. Hakucheka tena ndani ya nyumba hiyo.

Alipouliza habari za kile chumba, mumewe alimjibu kwamba kimefungwa, wakiache. Alipomuuliza Mama Musoki, yule mama alitazama sakafu na kusema naye kwamba chumba kile wakiache. Hélène aliomba kwa upole, kisha kwa ukali. Juma lililopita alimwambia mbele ya majirani kwamba mtu anayemnyima mtoto mgonjwa mahali pa kulala asijiite Mkristo. Kesho yake Mama Musoki alipandisha sahani ya sombe na maharage. Hélène akairudisha bila kuigusa.

Lakini aliyemchoma zaidi ni Élisée. Alikuwa akimsalimia yule mama kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani. Mama naye, Élisée akiwepo, hakukubali kiti hata akibembelezwa. Alisimama mlangoni, akasema neno lake, akashuka. Kwa Hélène hicho kilikuwa kiburi cha mwenye mali. Wakiwa mezani alimwambia mumewe kwamba anamwogopa mwenye nyumba kuliko Mungu. Élisée alisukuma sahani yake, akatoka nje.

Sasa Élisée alikuwa Kpandroma kwa mafundisho ya vijana, na asubuhi hiyo Divine alikuwa amekohoa mpaka akatapika. Hélène akashuka barabarani kwa fundi wa pikipiki, akaazima nyundo.

Hatimaye kufuli liliachia, likaanguka pamoja na kipande cha mbao. Akausukuma mlango kwa mguu.

Ndani hamkuwa na kitu. Hamkuwa na gunia wala sanduku, hata kiti kibovu. Sakafu ilikuwa imeoshwa, kuta zimepakwa chokaa, dirisha limefungwa. Angekuta magunia ya mchele angalau angeelewa, maana Mama Musoki ni mchuuzi. Utupu ule ulimpandisha hasira kuliko kufuli lenyewe.

Mama Musoki alikuwa amesikia kishindo. Alipanda ngazi akihema, akafika mlangoni, akavua kandambili zake. Hakuingia.

"Mtoto wangu anakufa kwa moshi wako," Hélène alimwambia, "na wewe unafungia hewa. Kwa nini? Kwa kuwa nyumba ni yako?"

Kwa mara ya kwanza Mama Musoki alimtazama usoni, na macho yake nayo yalikuwa makali. Alisema ametukanwa mbele ya mtaa mzima, chakula chake kimerudishwa kama cha mchawi, naye amenyamaza kwa sababu aliombwa anyamaze. Leo amechoka.

"Ile kadena haiko yangu, mama pasta. Bwana yako ndiye aliileta. Alifunga yeye mwenyewe, mbele hamujaingiza vitu."

Hélène alimwambia ni mwongo. Mume wake ni mtu wa Kampala. Angewezaje kuja na kufuli lake na kufunga chumba katika nyumba ya watu, ugenini?

Mama Musoki aliinama, akaokota kufuli lililovunjika, akalifuta vumbi kwa pindo la kitenge chake.

"Wageni hapa ni siye," alisema. "Hii nyumba ni ya baba yake. Wakati ya vita tulitoka Butembo, tukaikuta wazi, tukaingia. Na mu ile chumba tulikuta mama yake. Miye na bwana yangu ndiye tulimuzika."