Msamba wa Kapteni

Mke wa Kapteni alimkuta sebuleni, mguu mmoja juu ya kochi, mwingine umepotelea chini ya meza, na mwenyewe katikati anahema.

"Baba watoto, umeangusha nini huko?"

"Nanyoosha misuli."

Mke akamtazama vizuri. Huyu ndiye aliyekuwa akisema kunyoosha misuli ni kazi ya paka. Miaka yote aliyocheza kiungo wa kati, wenzake wakijinyoosha kabla ya mazoezi, yeye alikuwa anafunga kamba za viatu. Kamba zake zilikuwa na matatizo mengi sana, maskini. Zilifunguka wakati huo huo tu.

Kocha naye alikuwa bingwa wa kuhubiri. Alikalia kiti chake cha plastiki pembeni mwa uwanja, kifalme kabisa, akipaza sauti: "Inameni, gusani vidole vya miguu. Asiyejinyoosha ataumia, mnanisikia?" Yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona akiinama. Filimbi ikimdondoka, iliokotwa na mwingine. Wachezaji walimwita Mheshimiwa, wala si kwa mapenzi.

Sasa nini kilimwongoa Kapteni? Sikio lake. Wiki ya fainali alipita nje ya ofisi ya Kocha, mlango umerudishwa nusu, akamsikia daktari wa timu akisema, "Kubadilisha kiungo hakukwepeki tena."

"Tusubiri fainali ipite," Kocha akajibu, sauti imemshuka.

"Kwa umri huu? Kungoja ni kujidanganya."

Kocha akaguna. "Haya. Lakini kwanza niongee na Kapteni."

Kapteni hakungoja kuongeleshwa. Fainali hajawahi kuicheza maishani, na baada ya msimu huu hakuna timu ingemtazama mara mbili. Roho ilimuuma kweli. "Yaani fainali niitazame kutoka benchi?" alimwambia mkewe. "Afadhali nisiende kabisa."

Basi akaokoka. Akajinyoosha jikoni, akajinyoosha bafuni, akajinyoosha kwenye foleni ya benki mpaka mlinzi akamwuliza kama anaumwa. Daktari alimwona akivuta paja mara tu aliposhuka garini, akamwonya: "Mwili baridi hauvutwi, mzee. Upashe kwanza, halafu uende polepole. Misuli haitishwi." Kapteni akaitikia kwa adabu zote. Likaingia sikio hili, likatokea lile. Mtu anayekaribia kuachwa benchi ana muda gani wa kupasha?

Siku moja kabla ya fainali Kocha akamwita ofisini.

"Kaa, Kapteni. Kuna jambo, na sijui nianzie wapi."

"Usianzie popote, Kocha. Najua kwamba mnabadilisha kiungo."

Kocha akaona haya. "Umejuaje? Nilimwambia daktari iwe siri."

"Siri za ofisi hii zinatoka kabla ya watu. Hebu nitazame kwanza, halafu useme kama kweli inabidi."

Kapteni alikuwa ametoka nyumbani moja kwa moja, mwili baridi. Akavua viatu, akatanua miguu, akapiga msamba palepale kwenye zulia. Ulishuka vizuri. Ulishuka vizuri kuliko alivyokusudia. Kitu kikalia ndani ya paja kama shuka linalochanwa, na Kapteni akabaki chini, machozi yanamlengalenga, bado anajaribu kutabasamu.

"Umeona? Mimi bado mlaini."

Kocha akashika meza kwa mikono miwili, akajiinua taratibu, meno ameyauma.

"Kapteni," akasema, "kesho asubuhi nalazwa, nabadilishwa kiungo cha nyonga. Nilikuita nikukabidhi timu."