Umeme wa Bi Kadzo

Kibao cha mbuzi kilikwaruza kidogo, kikanyamaza, kikakwaruza tena. Alfajiri ilikuwa bado. Bi Kadzo alikuna nazi polepole, kwa sababu Sanga alikuwa amejilaza sebuleni juu ya mkeka.

Lakini Sanga hakulala. Alifumba macho tu, akiisikiliza kompyuta yake ikihema.

Alikuwa amefika Kinondo jana magharibi, amelowa chapachapa, kompyuta imefungwa ndani ya mfuko wa unga. Kule anakokaa umeme ulikuwa umekatika tangu Jumatatu, na betri yake ilikufa zamani. Aliomba mahali pa kuchomeka waya kabla ya kuomba maji. Twaiba, mjukuu anayeishi na Bi Kadzo, alifungua mdomo kumhoji. Bibi akamzuia.

"Ale kwanza."

Sasa Sanga alijikokota, akaketi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Imekubali?"

"Bado."

Akamweleza. Kuna kidude wanachotumia waandishi wa programu, kinachopiga mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa. Kidude hicho kilipiga mstari chini ya kila neno la Kiswahili. Sanga alijua dawa yake, na wenye kidude walimwahidi nafasi ya mafunzo kama angeituma kabla ya saa nne asubuhi. Lakini kabla ya kugusa chochote ilimbidi aweke zana kwenye kompyuta yake. Kila zana ilidai nyingine, na ile nyingine iliikataa kompyuta kwa uzee wake.

"Kwa hiyo hujaanza kupika," alisema Bi Kadzo. "Bado unapanga mafiga."

"Na figa la tatu silioni, bibi."

Twaiba alisema kompyuta yenyewe inahema kuliko punda wa jirani. Kisha akaisogeza simu yake karibu na Sanga, bando lake la intaneti la wiki likaanza kuliwa, naye hakunung'unika. Bi Kadzo aliliona hilo. Akaenda kuchomoa friji, ili tokeni za umeme zifike saa nne.

Muhogo wa nazi uliliwa kwa mkono mmoja, mwingine ukibonyeza. Kulikucha. Jua likapanda hadi dirishani ndipo zana ya mwisho ilipokubali. Marekebisho yenyewe hayakuchukua muda. Sanga akatuma, akaegemea ukuta, macho mekundu.

Jibu lilikuja chai ikiwa bado moto. Wameipokea. Nafasi ni yake.

Hakuwa na nguvu hata ya kucheka. Alikunja waya wake taratibu. Bi Kadzo alimfungia muhogo uliobaki katika jani la mgomba, akamsindikiza hadi kwenye lami, na hapo akaushika mkono wake asiuachie.

"Usitutupe, mjukuu wangu. Njoo tena utuone. Na siku hiyo utuambie jina lako; jana ulikuwa umechoka, sikutaka kukuuliza."