Shimo Chini ya Mashine ya Kukaushia

Moto ulikuwa umegeuka njano tena, ukiyumba kama mlevi anayetafuta mlango. Fundi aliuchungulia kwenye kidirisha cha mashine ya kukaushia, jasho likimtiririka mgongoni. Pembeni yake, chini ya wavu wa chuma uliofunika shimo, mvuke ulikuwa unalia: ssssss, ukijaza chumba ukungu. Na juu ya wavu ule alisimama mke wake, akikunja mashuka.

"Ondoka hapo juu, mama watoto."

"Niende wapi, na meza iko hapa? Hili shimo litakuua wewe kwa woga kabla halijanigusa mimi."

Wanawake wenzake wakacheka. Fundi hakucheka. Bomba la mvuke kutoka boila ya nje lilipita humo shimoni, na lilikuwa na ufa wa miaka mitatu. Siku ufa ule ukiachia, mkewe angeiva akiwa amesimama.

Akaenda kwa meneja, mara ya ngapi hata yeye hakumbuki. Meneja alikuwa chini ya feni. Watu wa feni hawajui joto.

"Bosi, mvuke unaingia kwenye gesi ya mashine. Moto unakosa nguvu. Mara nyingine unazimika wenyewe."

"Si afadhali? Moto usio na nguvu haulipui mtu."

"Na mke wangu anasimama juu ya bomba."

"Mke wako analipwa kusimama."

Safari hii hakuondoka. Alizima mashine, akaketi sakafuni mbele ya mlango wa ofisi, akasema haiwashi mpaka bomba lizibwe. Kazi nyingine hakuwa nayo. Mashuka mabichi ya hospitali yakarundikana hadi usawa wa dirisha. Alasiri meneja akasonya, akamwita fundi bomba.

Fundi bomba alishuka shimoni na mkanda wa chuma na bolti nne. Alitoka macho mekundu, amelowa kama kifaranga.

"Limezibika?"

"Halitoi hata pumzi. Nendeni mkalale."

Asubuhi chumba kilikuwa kikavu. Ukuta wa mbali ulionekana, na rangi yake ikajulikana kuwa ni kijani. Wanawake walisema leo dawa ya kufulia inanuka vibaya. Fundi, ambaye dawa hiyo ilishaiua pua yake zamani, hakunusa kitu.

Mkewe akasimama juu ya wavu, akamkodolea macho. "Kumbe umezeeka hivi! Miaka mitatu ninafanya kazi na kivuli."

"Na wewe umenenepa, hakuna aliyeniambia."

Alicheka naye, huku akiutupia wavu jicho. Woga wa miaka mitatu hauhami kwa siku moja. Akafungua gesi ya mashine. Akazungusha kitambaa kwenye ncha ya nondo, akakiwashia nje ya mlango kama alivyozoea, akaja nacho kikiwaka. Akapiga goti kando ya wavu, penye tundu la kuwashia.

"Baba watoto," mkewe aliita. Alikuwa ameinama, anachungulia kati ya vyuma. "Si umesema wameliziba?"

"Wameliziba. Unaona mvuke wowote?"

"Sioni. Sasa mbona shimo bado linalia?"

Fundi akatazama chini. Bomba la mvuke lilikuwa kavu, kimya kabisa. Mlio ulitoka kwenye bomba la pili, jembamba, lililojibana nyuma yake, ambalo mvuke ulikuwa umelifunika kama blanketi miaka yote mitatu: bomba la gesi.

Kipande cha kitambaa kinachowaka kilikuwa kimeshadondoka kati ya vyuma.