Tundu Chini ya Boga

Mwamuzi alikuwa amelala chali kwenye vumbi, kichwa chini ya boga la Arvid Tollefson lililoning'inia kwenye mikanda ya mizani, akilikagua. Banda zima la maonyesho ya kaunti likamsubiri.

"Kuna tundu," akasema hatimaye. "Linafika hadi ndani."

Kila mkulima wa maboga makubwa kule Minnesota anajua maana yake. Boga lililotoboka hadi uwazi wa ndani haliingii shindanoni, hata liwe zito kama trekta.

Arvid aliinama kuchungulia. Msimu mzima alililea boga lile kama mwana. Alilinywesha maziwa, akalijengea kivuli, na baridi ya usiku ilipowahi kuanza, akalifunika kwa blanketi la viraka ambalo mkewe, Lavonne, alilishona majira mawili ya baridi ili alilete kwenye ukumbi wa washonaji, papa hapa kwenye maonyesho. Lilipotolewa bogani lilikuwa matope na ukungu mtupu. "Utashona jingine," Arvid alimwambia. Lavonne hakubisha. Hakuwahi kubisha, mwanamke wa watu, na hata leo alisimama kando tu na mkoba wake wa ushonaji.

Mwamuzi aliomba koleo la kubania, akaliingiza tunduni, akavuta. Kikatoka kipande chembamba cha chuma, kimekatika.

"Mtu kalitoboa makusudi."

Macho ya Arvid yalimwendea Merle, jirani yake, aliyekuwa ameegemea boga lake mwenyewe, ambalo sasa ndilo la kwanza. Nani mwingine alikuwa na ufunguo wa lango la shamba la Arvid?

"Ni wewe!"

Merle alicheka, akidhani anataniwa. "Mimi tena? Acha mzaha, bwana. Mbegu si nilikupa mimi?"

"Ndiyo, na ulipoona zimenikubali kuliko wewe, roho ikakuuma! Unakula mezani kwangu, kisha unanizunguka. Nyoka mkubwa!"

"Arvid, nilikusimamia harusi yako."

"Bora ningesimamiwa na mbwa wangu!"

Watu wakaguna. Merle alivua kofia, akamtazama Lavonne kama anayeomba kutetewa. Lavonne akainamisha macho.

"Nifute," Merle akamwambia mwamuzi. "Sishindani tena." Akachomoa ufunguo wa lango kwenye funguo zake, akauweka juu ya boga la Arvid, akatoka bila kugeuka nyuma.

Arvid alimtazama akienda. Rafiki aliyekua naye tangu utotoni! Angeibiwa trekta isingemuuma hivi. Aliuchukua ule ufunguo, kisha akakiokota kile kipande cha chuma, akampa mkewe.

"Kitunze vizuri. Kesho nakipeleka polisi, kwa sherifu mwenyewe. Nataka kaunti nzima ijue nani kanifanyia hivi."

"Sawa, mume wangu," akasema Lavonne.

Akafungua kikopo chake cha sindano, mbele ya macho ya Arvid, taratibu. Ile sindano ndefu aliyoshonea blanketi la viraka ilikuwamo, ncha imekatika. Akakilaza kile kipande pale ilipokatika, vikakutana sawasawa.