Baada ya Utepe

Kila mwaka kilima cha mwisho cha mbio kilimnyima Zawena muda alioutamani. Safari hii alikipanda roho juu, akiitazama saa yake kila baada ya hatua chache.

“Achana na hiyo saa, Zawena! Kimbia!” mumewe, Mbaruku, alipiga kelele kutoka kando ya barabara.

Aliivua, akamrushia, akakaza mwendo.

Alipokata utepe, mwamuzi alimsomea muda wake. Alikuwa ameivunja rekodi yake mwenyewe. Mbaruku alifika akihema, akamkumbatia.

“Umeupata, mke wangu. Sasa pumzika.”

“Haya,” alijibu, akaketi chini. Lakini moyo haukutulia. Mbele yake barabara iliendelea katikati ya mashamba ya mkonge, nyeupe, haina mtu. Zawena aliinama, akaanza kukaza kamba za viatu.